Majeraha Mengineyo

Watu wa Tongaren, nimekuja kuzungumza juu ya vidole.

Nilikuwa daktari wa kituo kidogo cha afya. Kwa haki mimi ni afisa wa kliniki, lakini huku kwetu kila mwenye koti jeupe ni daktari, nami sikuwahi kukikataa cheo. Jioni moja, saa ya kukamua ng'ombe, ililetwa pikipiki imepakia watatu: mwendeshaji, mama mmoja katikati, na mwanawe nyuma akimshika asianguke. Mkono wa kulia wa mama ulikuwa umezungushwa leso, ameuinua juu kama anayeomba nafasi ya kusema mkutanoni. Leso ilikuwa ya manjano. Ilikuwa imeanza kuwa nyeusi. Kijana alishika mfuko wa karatasi, akanikabidhi bila neno. Ndani mlikuwa na vidole viwili. Kuna mtu alimwambia kwamba vidole hurudishwa.

Hurudishwa, lakini kwa daktari bingwa, chumba cha upasuaji na saa chache za kuhesabu. Sisi tulikuwa na sindano ya ganzi, uzi na taa. Nikasafisha, nikafunga damu, nikamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Alipokuwa akingoja gari nilimuuliza imekuwaje. Akasema, "Nilikuwa nakatia ng'ombe majani, mashine ikanivuta." Basi. Nikafungua daftari, nikaandika jina, umri, kijiji, kisha maradhi: kukatika vidole viwili, mkono wa kulia.

Mwisho wa mwezi tulijumlisha. Kila kituo cha afya nchini hujaza fomu ya muhtasari ya wagonjwa wa nje. Kuna mstari wa malaria, wa kuhara, wa nimonia. Kuna mstari wa ajali za barabarani, wa kuumwa na nyoka, hata wa kuumwa na mbwa. Mama yule sikumwona mahali pake, nikamtia kwenye mstari uitwao majeraha mengineyo. Humo alikaa pamoja na mtoto aliyeanguka kutoka mparachichi, mlevi aliyetumbukia mtaroni, na kijana aliyepigwa jiwe kwenye mechi. Fomu ikaenda makao ya kaunti ndogo, ikaingizwa katika mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya ambao Kenya imeutumia nchi nzima tangu 2011. Kama mtu aliufungua mfumo huo Nairobi mwezi ule, alimwona mama wa Tongaren kama moja. Moja ya nini, hangejua.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Miezi kadhaa baadaye nilienda matanga. Mzee mmoja akanipa mkono, nikahisi umepungua. Vidole vilianzia cha kati. Nikamuuliza, akanitajia mashine, ya jirani fulani, ile inayokodishwa nyumba kwa nyumba wakati wa kiangazi majani yakiwa magumu. Ilikuwa mashine ile ile iliyomla yule mama. Tukiwa tumeketi pale, mwanamke aliyekuwa akigawa chai akasema kwamba na mtoto wa dada yake aliliwa na hiyo hiyo, likizo ya Agosti. Mikono mitatu, mashine moja, na mimi ambaye kazi yangu ni kujua mambo kama haya nimeyajua matangani, juu ya kikombe cha chai. Daftari langu lilikuwa na vijiji vitatu tofauti, tarehe tatu tofauti, na halikuwa na neno "mashine".

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kwetu anayeficha ni daftari, maana yule mama hakuficha kitu. Alisema mbele yangu, kwa sauti, ni nini kilichomkata. Mimi ndiye sikuandika.

Kazi ya kufuatilia maradhi katika jamii si uchawi, na nchi hii inaijua. Chukueni ugonjwa wa kupooza. Mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea mguu ghafla hapa Naitiri, muuguzi haulizi kama ni polio au si polio. Anapiga simu siku hiyo hiyo. Huchukuliwa choo cha mtoto mara mbili, kwa kupishana saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu alegee. Hutiwa kwenye kisanduku cha barafu na kusafirishwa hadi maabara ya taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, Nairobi. Na kaunti ambayo haitoi taarifa yoyote ya mtoto aliyelegea haisifiwi kwa afya njema. Inaulizwa: kwa nini hamtafuti? Hapo ndipo penye akili ya ufuatiliaji wote. Kutokuwa na habari si habari njema. Huenda hakuna aliyeuliza.

Tofauti ya mguu wa mtoto yule na mkono wa mama huyu ni ipi? Wote wawili wamepoteza kiungo. Wote wangeweza kukingwa. Mmoja akilegea, kisanduku cha barafu kinasafiri hadi Nairobi. Mwingine akikatika, tunashona.

Aliyetufundisha kuuliza ni mtu wa zamani sana, daktari wa Italia aitwaye Bernardino Ramazzini. Siku moja katika mji wa Modena watu walikuja nyumbani kwake kuzoa shimo la choo. Akamwona mmoja wao anafanya haraka kupita kiasi, akamhurumia, akamwambia apunguze kasi asijichoshe. Yule mzoaji akamjibu kwamba anayekaa shimoni muda mrefu macho humuuma hata akawa kama kipofu, ndiyo maana wanakimbilia kumaliza. Ramazzini akamkagua macho, akayakuta mekundu na yamefifia. Akaanza kuwaendea mafundi mahali pao pa kazi: wafinyanzi, wachimba migodi, wafua nguo, waandishi, wakunga. Mwaka 1700 akatoa kitabu kizima juu ya maradhi ya wafanyakazi. Na humo akasema kwamba kwa maswali ambayo madaktari wamekuwa wakimwuliza mgonjwa tangu enzi za Hippocrates, liongezwe moja: unafanya kazi gani?

Nilijifunza jambo hilo chuoni, nikalijibu katika mtihani na kupata alama. Kisha nikakaa miaka mingi nikiwaona watu wa Tongaren bila kuwauliza swali hilo ipasavyo. Nitarudi kwenye neno "ipasavyo", maana ndilo lililonileta leo.

Kwanza tutazame sheria, kwa haraka, kwa kuwa najua sheria huleta usingizi. Kenya ina mbili, zote za mwaka 2007. Moja ni ya usalama na afya kazini. Nyingine ni ya mafao kwa walioumia kazini. Ya kwanza inasema kila ajali ya mahali pa kazi, na kila mtu aliyedhuriwa na sumu ya kazini, taarifa imfikie afisa wa usalama na afya kazini wa eneo. Mtu akifa, ni ndani ya saa 24. Akiumia asiweze kufanya kazi zaidi ya siku tatu, barua iandikwe ndani ya siku saba. Daktari naye anayemtibu mtu mwenye maradhi aliyoyapata kazini ana wajibu wa kutoa taarifa. Nawaambieni kwa aibu, mimi sikuwahi kutuma hata moja, wala sikuwahi kukutana na mwenzangu wa zamu aliyetuma.

Ya pili inasema aliyepoteza kabisa na kwa kudumu uwezo wa kufanya kazi alipwe mapato ya miezi 96. Hiyo ni miaka minane. Kijana anayepata shilingi 15,000 kwa mwezi, akipoteza mikono yote miwili, anadai shilingi 1,440,000. Akifa, wategemezi wake wanadai hesabu hiyo hiyo. Lakini dai liwasilishwe ndani ya miezi 12. Ni wangapi humu ndani mliyajua hayo? Mikono juu. Naona mitatu, na mmoja ni wa wakili.

Wakili anatabasamu kwa kuwa anajua kilichoifanya sheria hiyo ichelewe kutufikia. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu vyake kadhaa, Chama cha Mawakili kilipokwenda kupinga kwamba madai yapelekwe kwa mkurugenzi badala ya mahakamani. Mahakama ya Rufaa ikavirudisha vingi vya hivyo 2017. Mahakama ya Juu ikamaliza ubishi Desemba 2019. Miaka kumi mawakili walibishana juu ya mlango gani mwenye kuumia aingilie. Sikatai kwamba hoja ilikuwa nzito. Nasema tu kwamba yule mama mwenye leso hakujua kama kuna nyumba, seuze mlango.

Tena, hata angejua, angemdai nani? Ng'ombe ni wake. Majani ni yake. Mashine ameikodi kwa siku. Sheria ya kwanza inamtaka hata anayejiajiri atoe taarifa ya ajali. Yaani mama akitoka kushonwa, aketi, kwa mkono wa kushoto, aandike barua ndani ya siku saba kujiripoti mwenyewe!

Hapa inafaa tukumbuke ardhi hii ilikotoka. Mashamba haya, Tongaren, Ndalu, Soysambu, hadi kule Trans Nzoia, yalikuwa ya walowezi. Babu zetu walikuwa vibarua wa mahindi na ng'ombe wa maziwa. Sheria za wakoloni za kufidia walioumia kazini zilikuwapo, na ya viwanda ilikuwapo, ingawa kama jina lake linavyosema ilitazama viwanda, na shamba lilibaki kando. Hata hivyo kidole cha kibarua kikikatika, kulikuwa na bwana aliyeweza kuulizwa. Baada ya uhuru mashamba yakagawanywa, kibarua akawa mwenye shamba, nasi tukafurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini siku ile ile jeraha likakosa mwenyewe. Likawa bahati mbaya. Likawa mapenzi ya Mungu. Wengine husema likawa jicho la jirani.

Taarifa za taifa nazo zikafuata mkondo huo. Kila mwaka Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa ripoti ya uchumi, na inapohesabu watu walio kazini husema waziwazi kwamba haikuhesabu kilimo cha wadogo wala ufugaji wa kuhamahama. Hata bila hao, zaidi ya watu 8 kati ya 10 waliohesabiwa wako katika sekta isiyo rasmi, ile tunayoiita jua kali. Kwa hivyo tukisema ajali za kazini nchini Kenya ni kadha wa kadha, tumezungumza juu ya kipande chembamba cha watu wenye bosi, lango na kitambulisho cha kifuani.

Vidole angalau huonekana. Kuna yanayotuumiza bila kutoa damu. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba karibu watu milioni 3 hufa duniani kila mwaka kwa sababu ya kazi zao. Katika hao, ajali huua 330,000. Wengine wote, milioni 2.6, huuawa na maradhi: moyo, mapafu, saratani. Ajali ni moshi tu unaoonekana juu ya paa.

Basi nizungumze juu ya dawa za wadudu. Kiwavijeshi vamizi aliingia Kenya mwaka 2017, na sisi watu wa mahindi wa magharibi tulikuwa wa kwanza kumwona. Kabla yake, mkulima wa gunia chache angeweza kumaliza msimu bila kushika pampu. Baada yake kila kijiji kikapata wapiga dawa: vijana wanaolipwa kwa idadi ya pampu walizomaliza. Mnawajua. Pampu ya mgongoni inavuja pale chini kwenye mpira, kwa hivyo sweta yake ya zamani huwa imelowa kiunoni. Dawa anaipima kwa kifuniko cha chupa. Kiwavi huyu hujificha ndani ya moyo wa mhindi, hivyo mpigaji huinama na kuelekeza bomba mmea kwa mmea, uso wake ukiwa karibu kabisa na ukungu wa dawa. Mahindi yakishafika kifuani, anatembea ndani ya majani aliyokwisha kuyalowesha. Adhuhuri anakula muhogo aliofungiwa, mkono umefutwa kwenye suruali.

Jioni kichwa kinamgonga. Anatokwa jasho, mate yanamjaa, anaona ukungu, tumbo linamkata. Anakuja kituoni. Tunasema homa. Tunampima malaria, kipimo kinasema hana, na najua wenzangu watanikasirikia nikisema kwamba mara nyingine tulimpa dawa ya malaria hata hivyo. Anaandikwa, anatiwa kwenye mstari wake, anakwenda. Kesho yake ana pampu nyingine kumi.

Kinachotokea mwilini ni hiki. Baadhi ya dawa za wadudu ni za jamii ya organofosfati. Mshipa wa fahamu unapotaka msuli ukaze au tezi itoe jasho, hutoa ujumbe wa kemikali, na mara moja kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi huufuta ujumbe ule ili mwili upumzike. Organofosfati hukifunga kimeng'enya hicho. Ujumbe haufutiki. Tezi zinaendelea kutoa jasho, mate na machozi, mboni zinabana hadi kuwa kama kichwa cha pini, misuli inachezacheza chini ya ngozi. Ikizidi, misuli ya kupumua nayo inachoka. Kwa hivyo kumulika jicho la mgonjwa kwa tochi ya simu kunatosha kuanzia: mtu mwenye jasho jingi na mboni zilizobana namna ile, mwulize alikuwa shambani kwa nani. Ipo dawa ya kumtibu, atropini, na ni ya bei ndogo.

Wala haya si ya kukisia. Miaka ya 1990 Grace Ohayo-Mitoko na wenzake walipima damu ya wafanyakazi wa mashamba nchini Kenya, kabla na wakati wa msimu wa dawa, na kukuta nguvu ya kimeng'enya hicho imeshuka kwa wastani wa kama theluthi kwa wale walioshika dawa. Watu hao walikuwa bado wanakwenda kazini. Hawakuwa wagonjwa kwa daftari lolote.

Na sumu ya kazini haibaki kazini. Mombasa, kijiji cha Owino Uhuru, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za magari ili kupata madini ya risasi. Mwanamke aliyeajiriwa hapo ofisini, Phyllis Omido, alimwona mtoto wake mchanga akiugua. Madaktari walidhani ni malaria, wakadhani ni homa ya matumbo, hadi damu ya mtoto ilipopimwa ikakutwa na risasi. Ndipo ikajulikana kijiji kizima kinaumwa. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilitoa hukumu ya fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa wakazi. Tazameni mpangilio wake: wafanyakazi ndio waliotangulia kuvuta moshi ule, lakini aliyefungua macho ya taifa ni mtoto wa kunyonya. Kama kungekuwa na mtu anayewapima wafanyakazi na kuandika, kijiji kingeonywa mapema. Anayefanya kazi ndiye wa kwanza kuonja. Mke anayefua ile sweta ya mpiga dawa, pamoja na nguo za watoto katika karai moja, ni wa pili.

Nije kwenu vijana wa pikipiki, maana naona mnaangalia saa. Mwenzenu akigongwa kwenye barabara ya Webuye na Kitale, pale Kamukuywa, huhesabiwa mara nyingi. Polisi wanamwandika. Hospitali inamwandika kwenye mstari wa ajali za barabarani. Mamlaka ya usafiri inamtia kwenye hesabu ya waendesha pikipiki. Mahali pamoja tu hayupo, nako ni kwenye daftari la waliofia kazini. Alikuwa amebeba gunia la mbolea la mteja, saa tano asubuhi, siku ya kazi, na sote tunasema amekufa "barabarani", kana kwamba alikwenda huko kutembea. Mwalimu akifa darasani tungesema amefia kazini. Barabara ndiyo darasa lenu.

Sasa neno "ipasavyo".

Baada ya yale ya matangani nilichukua rula na kalamu ya risasi, nikachora safu mpya kwenye ukingo wa daftari, nikaiandika Kazi. Nikajiona Ramazzini. Asubuhi ya kwanza akaja mama ambaye jembe limemkata mguuni. Nikamuuliza, "Mama, unafanya kazi gani?" Akanitazama kwa huruma. "Sina kazi, daktari. Nalima tu."

Akaja mwingine, ana ekari mbili za mahindi, ng'ombe watatu, watoto watano, na mkono umeungua akisonga ugali wa vibarua. "Mimi niko tu nyumbani." Akaja kijana aliyechanwa uso na jani la muwa. "Natafuta kazi." Alichanwa akikata miwa ya watu! Siku saba baadaye safu yangu ilikuwa imejaa neno moja: hana, hana, hana. Mtu asiyetujua angeisoma na kusema Tongaren ni nchi ya watu waliokaa tu huku wakikatika.

Nililaumu watu kwanza. Kisha nikakumbuka kwamba huku kwetu kazi ni kitu cha kuandikwa. Kazi ina mshahara, ina barua, ina likizo. "Amepata kazi" maana yake ameondoka Tongaren. Kulima ni kuishi. Kukamua ni kuamka. Kwa hivyo swali la yule Mtaliano, jinsi lilivyo, halipiti huku. Nikalifuta. Nikaandika juu ya safu: Ulikuwa ukifanya nini, na kwa kifaa gani?

Hapo midomo ikafunguka. Nilikuwa napukuchua mahindi kwa mashine, mkanda ukashika mkono wa sweta. Nilikuwa nachomelea lango bila miwani, sasa macho ni kama yametiwa mchanga. Nilikuwa juu ya trela la miwa. Nilikuwa nasaga, kwenye mashine ya posho, ule mkanda hauna kifuniko. Nilikuwa napiga dawa kwa mzee fulani. Huhitaji kompyuta kuona kilichomo kwenye safu kama hiyo. Unaona msimu: mapanga na majembe yanapoanza Machi, dawa zinapofuata, mashine za kupukuchua zinapoingia Oktoba hadi Desemba watoto wakiwa nyumbani. Unaona kijiji. Ukiwa na subira, unaona hata mashine.

Kulikuwa na waliokataa kusema. Kibarua hunyamaza kwa kuwa akimtaja mwenye shamba, msimu ujao hataitwa. Mwenye shamba naye huleta kuku na pesa ya hospitali, wazee wanaketi, mambo yanaishia nyumbani. Sipuuzi kuketi kwa wazee. Mara nyingi ndiyo fidia pekee ambayo mtu aliwahi kuiona. Lakini kuku hazibi mashine. Ndiyo sababu nikaacha kuandika jina la mwenye shamba, nikaandika aina ya kifaa tu. Mfuatiliaji wa maradhi si polisi, na siku watu wakimwona kama polisi atafuatilia hewa.

Tanzania walianzisha mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ulioanza kazi Julai 2015, na mwajiri wa sekta ya umma na binafsi huchangia. Uzuri wake mmoja usiosemwa sana ni kwamba mahali panapolipa ni mahali panapohesabu. Lakini nao pia umejengwa juu ya mwajiri, kwa hivyo mama anayekatia ng'ombe wake majani kule Mbeya yuko pale alipo wa kwetu.

Kwa mkulima mdogo mfano bora naujua kutoka India. Dinesh Mohan na wenzake wa taasisi ya teknolojia ya IIT Delhi hawakungoja watu waje hospitali. Walikwenda vijijini, nyumba kwa nyumba, wakauliza nani ameumia na kwa nini. Wakakuta mashine za kukata malisho ya mifugo, ndugu wa hizi zetu, zimewala watu wengi, watoto wakiwemo, wengine wakichezea gurudumu mashine ikiwa imepumzika. Wakarudi karakanani wakabuni kinga: kitu cha kuushtua mkono kabla haujafika kwenye visu, na komeo la kufunga gurudumu lisizunguke wakati wa mapumziko. Hawakuhubiri watu wawe waangalifu. Nasi tuna watu wa kwenda nyumba kwa nyumba. Tangu Septemba 2023 serikali imewapa wahudumu wa afya wa nyanjani zaidi ya 100,000 mkoba na simu, na kila mmoja ana kaya zake. Huuliza kama kuna mjamzito, kama mtoto amechanjwa, kama choo kipo. Kuongeza "kuna aliyeumia akifanya shughuli yoyote mwezi huu, na kwa kifaa gani" ni pumzi moja. Nimewaomba wa hapa wajaribu kwa kalamu na daftari, bila kungoja simu ibadilishwe Nairobi.

Mtaniuliza ile mashine iliishia wapi. Nilimwendea mwenye mashine, pamoja na fundi wa kuchomelea. Hakufurahi kuniona, akidhani nimekuja na askari. Tukamweleza. Mlango wa kulishia majani ulikuwa mfupi kuliko mkono wa mtu mzima. Ukisukuma fungu la mwisho, vidole vinafika kwenye vile visu kabla ya majani kwisha. Fundi alirefusha mlango ule kwa bati nene, kiasi kwamba hata mtu mwenye mikono mirefu akinyoosha hafiki, akatia kifuniko juu, na komeo kwenye gurudumu. Alidai pesa isiyofika bei ya madebe mawili ya mahindi, nasi tukachanga.

Mwenye mashine ameileta. Iko pale nje, nyuma ya pikipiki, na mama mwenye leso ya manjano amekubali kutuonyesha jinsi inavyolishwa sasa, kwa mkono mzima na ule uliopungua. Wenye mashine kama hiyo nyumbani msiondoke, fundi ana kamba ya kupimia. Twendeni kabla giza halijaingia.